Mwanangu ni mwembamba, lehemu hii imetoka wapi?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao yuko njiani na lori anatoka Dar. Tunaishi Uyole hapa Mbeya, mimi nina kibanda cha nguo Mwanjelwa. Tuna watoto wawili wa kike. Huyu mkubwa ana miaka 10, yuko darasa la tano, na ndiye aliyenikosesha usingizi.

Ni mwembamba kama ufito. Anakimbia mita 400 na 800, na mwaka huu walimu walimweka kwenye kikosi cha UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi. Siku moja karudi mazoezini anasema kifua kinauma. Nikampeleka hospitali. Wakampima moyo kwa ile mashine ya waya, daktari akambonyeza mbavu mtoto akaruka, akasema hapa ni misuli tu, apumzike siku chache. Kweli ikapona. Lakini damu walikuwa wameshachukua, na kwa kuwa tuna bima wakapima vitu vingi.

Majibu yakaja yana alama nyekundu. Nayanakili kama yalivyo: lehemu (kolesteroli) jumla 6.9, LDL 5.2, HDL 1.3, triglisaridi 0.9. Aliyenikabidhi karatasi hakuwa yule daktari. Aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, mnamlisha nini huyu mtoto? Haya ni mafuta ya mtu wa miaka 50." Nilishikwa na aibu hata sikuuliza kitu. Nikaambiwa nimpunguzie mafuta, nirudi baada ya miezi mitatu.

Nyumbani hakukaliki. Mama mkwe wangu ametoka Tukuyu, yuko nasi tangu Pasaka, anasema ni chipsi na soda za mjini. Mtoto hula chipsi Ijumaa tu, baba akituma hela. Mimi nasema ni yeye, kila mboga lazima aiunge kwa mawese aliyoletewa kutoka Kyela. Lakini Shangazi, nikisema ukweli hata mimi nimo. Wembamba wake ulinitia hofu, nikawa nampa mayai mawili kila asubuhi, namwekea malai ya maziwa kwenye kikombe, na Jumamosi namnunulia supu ya kitimoto apate nguvu za kukimbia.

Sasa nimeondoa vyote. Ni wiki ya tano anakula ugali na mboga ya kuchemsha bila tone la mafuta, na kila asubuhi anakunywa kitunguu saumu, tangawizi na limao, dawa niliyopewa na jirani. Amekonda zaidi. Mbio nimemkataza. Juzi aliniuliza, "Mama, mimi nitakufa?"

Mume wangu sijamwambia. Nyumba yao ina hofu yake. Baba yake alifia shambani akiwa na miaka 45, wala hakuwa mnene. Kaka yake alianguka Tunduma akiwa na miaka 39, amesimama na wenzake wakisubiri magari yavuke mpaka, akafa hapohapo. Ukoo ukasema ametupiwa kitu, maana kulikuwa na ugomvi wa shamba la migomba. Mume wangu ana miaka 38. Nikimtajia moyo atasema zamu yake imefika. Na hospitali haendi. Ana vinundu vigumu nyuma ya visigino mwaka wa pili huu, viatu vinamsumbua, anasema ni pedali za gari. Tena anavuta sigara ili asisinzie usiku.

Karatasi nimeificha ndani ya Biblia. Shangazi, nani amemharibu mtoto, ni mimi au mama mkwe?

Mama wa Uyole

* * *

Marahaba mwanangu. Kamwene kutoka huku Iringa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilipofika kwenye visigino vya mumeo nikaweka miwani mezani. Nitakueleza kwa nini, ila tuanze na swali la mtoto kwa sababu limekaa siku nyingi bila jibu.

Hafi. Mwamshe asubuhi umwambie. Lehemu iliyopanda haimwangushi mtoto wa miaka 10 anayekimbia uwanjani. Inajipaka kwenye kuta za mishipa polepole, miaka ishirini, thelathini, ndipo mshipa wa moyo unapoziba. Mtoto aliyejulikana mapema ana miaka hiyo yote mkononi, na hiyo ni bahati ambayo babu yake na baba yake mkubwa hawakuipata.

Sasa tuisome karatasi, maana naona hakuna aliyekaa na wewe kukusomea. Vipimo viko kwa milimoli kwa lita, na maabara nyingi huchapa pembeni viwango vya watu wazima. Vya watoto ni vya chini kuliko hivyo. Lehemu jumla ya mtoto tunaitaka iwe chini ya 4.4, na kuanzia 5.2 tunasema iko juu. LDL, hii inayojipaka kwenye mishipa, tunaitaka chini ya 2.8, na ikifika 3.4 iko juu. Ya binti yako ni 5.2. Hapo imezidi sana.

Lakini tazama zile namba mbili za chini, ambazo hakuna aliyekuuliza. Triglisaridi, yaani mafuta ya kawaida yanayosafiri kwenye damu, ni 0.9. Kwa umri wake tungelalamika ingefika 1.5. HDL, ile inayorudisha lehemu kwenye ini, ni 1.3, na hiyo ni nzuri. Mwanangu, soda, chipsi, keki na kukaa mbele ya televisheni siku nzima kwa kawaida vina alama nyingine kabisa: triglisaridi hupanda, HDL hushuka, na mtoto huwa ameongezeka kiuno. Watoto wa namna hiyo nawaona, tena siku hizi ni wengi hata huku kwetu kwenye baridi na milima. Binti yako si mmoja wao. Mtoto mwembamba, mkimbiaji, triglisaridi safi, HDL safi, na LDL peke yake imepanda hadi 5.2. Chipsi za Ijumaa haziwezi kufanya hivyo. Mawese na malai yako yameongeza kidogo, nitayarudia, lakini hayawezi kuipandisha peke yake mpaka hapo.

Kwa hiyo swali lako la nani amemharibu mtoto nalijibu hivi: hakuna. Kamwombe radhi mama mkwe, naye akuombe, muendelee kupika.

Sehemu kubwa ya lehemu mwilini hutengenezwa na ini lenyewe, na ini hilohilo ndilo lenye kazi ya kuiondoa kwenye damu. Wewe ni mke wa dereva, nitakueleza kwa mfano wa Tunduma. LDL ni malori yaliyobeba lehemu, na ini ndio mpaka. Siku madirisha yote yako wazi, magari yanapita. Siku nusu ya madirisha imefungwa, foleni inarudi nyuma kilomita kadhaa, na wala siku hiyo mzigo haujaongezeka. Kuna watu wanaozaliwa na nusu ya madirisha ya ini yakiwa hayafanyi kazi. Wanalirithi hilo kwa baba au kwa mama. Lehemu yao iko juu tangu siku ya kuzaliwa, wawe wembamba au wanene, wale mawese au wasile. Na si jambo la ajabu sana: ni mtu mmoja katika kila watu 250 hadi 300 hivi. Shule yenye wanafunzi 1,000 inaweza kuwa na watatu au wanne, na karibu wote hawajijui, kwa sababu hakuna kinachouma.

Mzazi mwenye hali hiyo, kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Sasa rudia barua yako uisome kama mimi. Babu, miaka 45. Baba mkubwa, miaka 39. Wote wa upande mmoja, wote ghafla, na babu hakuwa mnene. Na mume wa miaka 38 mwenye vinundu vigumu nyuma ya visigino. Lehemu ikikaa juu miaka mingi hujikusanya kwenye kano, na mahali inapopenda zaidi ni lile kano nene la kisigino, na migongo ya vidole vya mikono. Mwangalie pia machoni, kama kuna duara jeupe limezunguka ile sehemu nyeusi. Kwa mzee wa miaka 70 si kitu. Kwa kijana wa miaka 38 ni ishara. Siwezi kumpima mtu kwa barua, na pedali nazo huumiza miguu. Lakini kwa haya yaliyoandikwa hapa, mtu ninayemhofia katika nyumba yako ni mumeo. Mtoto ana muda. Yeye ndiye anayekaribia umri aliofia kaka yake, na anavuta sigara juu yake.

Kuhusu lile la kutupiwa kitu, sitakwenda kubishana na ukoo wa watu kwenye msiba wao. Nasema tu kwamba kitu hiki kina kipimo, na kipimo kina namba.

Mwambie mumeo. Najua unaogopa, lakini kumficha hakumlindi. Usianze na neno moyo, wala usianze na kaka yake. Mpe chakula, mwache aoge, kisha mwambie binti yake amekutwa na lehemu ya juu ambayo huenda ni ya kurithi, na daktari anahitaji damu ya baba na ya mama ili ajue namna ya kumtibu mtoto. Ni kweli tupu, kwani nawe lazima upimwe. Nimewaona wanaume wengi wasiokwenda hospitali kwa ajili yao wakienda kwa ajili ya binti zao. Na asikuambie hana muda wa kufunga kula: LDL haiyumbi sana kwa mlo mmoja, anaweza kupimwa siku yoyote lori likipita Mbeya. Triglisaridi ndiyo inayotaka tumbo tupu. Akipimwa ikakutwa juu, zipo dawa, ni vidonge vya kila siku, na sigara aiache siku hiyohiyo. Akihisi kifua kinabana, jasho jembamba, maumivu yanashuka mkononi au kupanda tayani, asiendelee na safari hata hatua moja, aende hospitali iliyo karibu. Mwambie hivyo hata kabla hajapimwa.

Mdogo wake mtoto, huyu wa pili, naye apimwe. Wengi husema subiri akue. Usisubiri. Marekani wataalamu walishauri tangu mwaka 2011 kila mtoto apimwe lehemu akiwa kati ya miaka 9 na 11, hata asiyeumwa. Sisi hatujafika huko, lakini nyumba yenye vifo kama vyenu haitakiwi kungoja utaratibu wa nchi nzima.

Binti mwenyewe arudie kipimo, safari hii asubuhi kabla ya kunywa chai, na asiwe ametoka kuugua homa wiki hizo, kwa sababu homa huvuruga majibu. Mara moja haitoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa. Mwombe daktari aangalie pia tezi ya shingo, figo, ini na sukari, kwa sababu tezi ikilegea au figo zikivuja protini, lehemu hupanda, na hapo tiba ni nyingine. Zipo pia dawa zinazopandisha lehemu, kama anatumia chochote kitaje, na ule mchanganyiko wa kitunguu saumu utaje. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri cha nyama. Kumnywesha mtoto na tumbo tupu, na limao juu, utampa kiungulia tu. Acha.

LDL ikirudi tena 4.9 au zaidi, au hata ikiwa chini kidogo ya hapo na baba naye akakutwa nayo, mwombe daktari akuandikie rufaa Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya. Wao wataona kama kuna haja ya kufika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Huko watakuzungumzia dawa za kundi la statini, vidonge vinavyoshusha lehemu. Usishtuke. Kwa watoto wa namna hii huanzwa kati ya miaka 8 na 10, baada ya kujaribu chakula kwa miezi kadhaa, na daktari hufuatilia ini na ukuaji. Uholanzi waliwafuata watoto 214 waliorithi lehemu hii wakaanza dawa utotoni, wakachapisha majibu mwaka 2019, baada ya miaka 20. Kufikia umri wa miaka 39, waliopata ugonjwa wa moyo au mishipa ni asilimia 1. Wazazi wao wenye hali hiyohiyo, ambao ujana wao ulipita kabla dawa hizo hazijakuwepo, walipofika umri huo walikuwa wameugua asilimia 26. Miaka 39, mwanangu. Umri wa yule aliyeanguka Tunduma. Baadaye akiwa mwanamke mzima anayetaka kuzaa atapaswa kumwambia daktari mapema, kwa sababu dawa hizi kwa kawaida husimamishwa wakati wa ujauzito. Hilo liko mbali.

Tuje jikoni. Umemwondolea mtoto mafuta yote na hapo umekosea, nakuambia kwa upendo. Mtoto anayekua anahitaji mafuta, na mkimbiaji mwembamba usimfungishe mwezi mzima. Kinachotakiwa ni kubadilisha aina. Mafuta yanayosukuma LDL juu ni yale yanayoganda: malai, siagi, mafuta ya nguruwe, na mawese, ambayo karibu nusu yake ni ya aina hiyo. Alizeti ni sehemu moja tu kati ya kumi hivi. Hapa niseme kitu kinachoniudhi: madumu ya mafuta yameandikwa kwa maandishi makubwa kwamba hayana lehemu. Hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu, hata mawese hayana. Maandishi hayo hayakuambii kitu. Kinachopandisha lehemu ya mtu ni yale mafuta ya kuganda yanapofika kwenye ini na kufunga hata yale madirisha yaliyobaki.

Kwa hiyo mboga iungwe kwa alizeti kijiko kimoja au viwili. Mawese ya mama yasitupwe, ni zawadi kutoka kwao, yatumike siku moja moja, kidogo. Maziwa chemsha, acha yapoe, ondoa malai, mpe mtoto yaliyobaki. Mayai hayajakatazwa, ila mawili kila siku kwake ni mengi, punguza yawe matatu au manne kwa wiki. Supu ya kitimoto iache, nyama yenyewe iliyo nyekundu bila mafuta ale mara chache. Badala yake una usipa wa Ziwa Nyasa, una maharage na makande, na maharage yana nyuzi zinazonasa lehemu tumboni ikatoka nayo. Karanga konzi moja akirudi shule. Na parachichi! Mnakaa mlangoni pa Rungwe, parachichi zimejaa sokoni, na mtoto anapewa malai kutafutiwa nguvu. Nusu parachichi kwenye mkate au na ugali wa dona itamrudishia mwili bila kugusa mishipa. Chipsi za Ijumaa ziwe viazi vya kuchemsha vilivyokaangwa nyumbani juujuu kwa alizeti, maana yale mafuta ya kibandani yamechemka siku nyingi. Chakula hiki kile nyumba nzima. Asiwekewe sufuria yake peke yake kama mgonjwa, ataona haya mbele ya mdogo wake.

Usitarajie lakini kwamba chakula peke yake kitashusha 5.2 hadi 2.8. Kama ni ya kurithi, kitashusha kidogo, na ukikuta imeshuka kidogo tu usirudi kumgombeza mtu.

Mbio arudi Jumatatu. Daktari alisema misuli, na siku chache alizotaka zimeshapita. Watoto wa umri huo wanatakiwa kuchezesha mwili angalau dakika 60 kila siku, na kukimbia husaidia HDL kubaki nzuri. Mweleze mwalimu wa michezo tu kwamba kifua kikiuma katikati ya mbio, au akizimia, asimamishwe na urudi naye hospitali siku hiyo. Moshi wa baba yake usimfikie, si ndani wala kwenye gari.

Na ile karatasi itoe kwenye Biblia. Mumeo akifika kutoka Dar mwekee mezani aisome mwenyewe, na kabla hajaendelea Tunduma mpite naye maabara, akatolewe damu. Kisha niandikie namba yake.

Shangazi